Nani Ameshika Jina la Biashara Yako Mtandaoni?

Mfanyabiashara wa Tanzania anayetaka kufungua tovuti hupata ushauri wa kila aina kabla hata hajampata mtu wa kumtengenezea. Mmoja humwambia achukue .com kwa kuwa ndiyo inayojulikana duniani kote. Mwingine hushikilia kwamba biashara isiyo na .co.tz ni ya kubabaisha. Wa tatu, mara nyingi kijana anayeuza viatu Instagram na anauza kweli, humwambia tovuti ni kupoteza hela. Katikati ya mabishano hayo huwa ameshasikia pia kwamba akisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, jina ni lake kila mahali, kwamba jina la tovuti hununuliwa mara moja basi, na kwamba fundi atamalizana na kila kitu. Hayo matatu ya mwisho hayabishaniwi na mtu, kwa sababu wengi huyachukulia kuwa kweli. Si kweli, na ndiyo yanayowaumiza watu kuliko uchaguzi wa .com au .co.tz.

Jina hukodishwa

Kompyuta kwenye intaneti hutambuana kwa namba. Mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alibuni DNS, mfumo unaoziwekea namba hizo majina yanayokumbukika, na kila jina la namna hiyo huitwa kikoa. Miaka miwili baadaye mkia wa .com ulianza kutumika, na symbolics.com, lililosajiliwa tarehe 15 Machi 1985, ndilo jina la kwanza chini yake. Mikia ya nchi, kama .tz, .ke, .ug na .cd, inatokana na orodha ya kimataifa ya herufi mbilimbili zinazotambulisha kila nchi. Tangu 1998 mfumo wote huratibiwa na shirika la ICANN lenye makao yake Marekani.

Ndani ya mfumo huo kuna wahusika watatu. Wa kwanza ni rejista, yaani mtunza daftari la mkia fulani: Verisign kwa .com, KeNIC iliyoundwa 2002 kwa .ke, na kwa .tz iliundwa tzNIC, kituo kilichoanzishwa 2006 na mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA. Wa pili ni msajili, kampuni inayouza kwa umma majina yaliyo katika daftari hilo. Wa tatu ni mwenye jina. Fundi anayetengeneza tovuti hayumo katika orodha hii, ingawa mara nyingi ndiye pekee ambaye mteja amewahi kuonana naye.

Kinachouzwa si jina bali haki ya kulitumia kwa muda. Kwa .com muda huo huanzia mwaka mmoja na hauzidi miaka kumi kwa mkupuo. Anayeifahamu ardhi ya Tanzania hatapata tabu kuelewa: ardhi ni ya umma, mwananchi hupewa hati ya kuimiliki kwa kipindi maalumu, na anayetambuliwa ni yule ambaye jina lake limo kwenye hati, hata kama fedha zilitoka mfukoni mwa mwingine. Vilevile jina ni kitu kimoja, seva inayohifadhi kurasa ni kitu cha pili, na barua pepe ni cha tatu. Vyote vitatu vinaweza kutoka kwa kampuni moja au tatu tofauti. Wauzaji hupenda kuvifunga pamoja kwa bei moja, na hapo ndipo mteja anaposahau kuwa analipia vitu vitatu.

Hoja ya .com

Nguvu ya .com ni mazoea. Mtu aliyesikia jina la kampuni bila mkia wake, akifika kwenye kompyuta huongeza .com bila kufikiri. Kampuni ya Marekani ya Overstock iliionja nguvu hiyo mwaka 2011 ilipojaribu kujiita O.co: wateja wengi waliishia kuandika o.com, na kampuni ikarudi kwenye jina lake la zamani. Kwa hoteli ya Nungwi au wakala wa safari wa Arusha, ambaye mteja wake anapanga likizo akiwa Milano au Chicago, mazoea hayo ni fedha. Isitoshe, Google huuchukulia mkia wa nchi kuwa ishara kwamba tovuti inalenga watu wa nchi hiyo; .com haina mfungamano huo, jambo linalomfaa anayeuza Dar es Salaam, Nairobi na Kigali kwa pamoja.

Tatizo ni kwamba majina mafupi na mazuri ya .com yalishachukuliwa miaka mingi iliyopita, mengine na watu wanaoyaweka ili wayauze. Facebook ilianza kama thefacebook.com na mwaka 2005 ikalipa dola 200,000 ili ipate facebook.com. Tesla iliishi na teslamotors.com mpaka 2016. Mwenye duka la vitambaa Mwanza hana fedha za namna hiyo, kwa hiyo hulirefusha jina: anaongeza "tz", anaongeza "group", anaweka kistari katikati. Likifika hapo, ile faida ya mazoea imeshapotea, kwa sababu hakuna mteja atakayelikisia.

Kuna na suala la malipo. Bei ambayo Verisign huwatoza wasajili ilipandishwa hadi dola 10.26 kwa mwaka Septemba 2024, na mnunuzi wa kawaida hulipa zaidi ya hapo, kwa dola na kwa kadi. Kadi ikiisha muda, malipo ya mwaka ujao hukataliwa kimyakimya. Na wanaodhani .com ni ardhi isiyo na mwenyewe wakumbuke Februari 2012, mamlaka za Marekani zilipoitwaa bodog.com, jina la kampuni ya kamari lililosajiliwa kupitia msajili wa Kanada. Ilitosha kuiamuru Verisign, kampuni ya Marekani. Mwuza mchele hana cha kuogopa hapo, ila dai kwamba .com haina serikali halisimami.

Hoja ya .co.tz

Wanaoitetea .co.tz wana hoja tatu nzito. Kwanza, majina bado yapo. Neno fupi la Kiswahili lililochukuliwa kwenye .com miaka ishirini iliyopita huenda liko wazi hapa. Pili, msajili wa ndani hulipwa kwa shilingi kupitia simu, hupokea simu kwa Kiswahili, na bei yake kwa mwaka iko katika makumi ya maelfu ya shilingi. Tatu, mkia wenyewe unamweleza mteja kwamba biashara iko nchini na anaweza kuifuata.

Hoja ya nne hutajwa kwa sauti ya chini, nayo ni ya sheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ina kifungu kuhusu vikoa visivyosajiliwa Tanzania, na si maandishi ya karatasini tu: Desemba 2016 waendeshaji wa JamiiForums, inayotumia .com, walipofikishwa mahakamani Kisutu, hilo lilikuwa miongoni mwa mashtaka yao. Biashara nyingi za Tanzania zinatumia .com bila kuguswa. Hata hivyo, anayefungua chombo cha habari au jukwaa la mijadala hana sababu ya kulichukulia jambo hili kirahisi, na ushauri wa wakili utamgharimu kidogo kuliko kesi.

Udhaifu upo pia. Wasajili wa ndani hawalingani kwa ubora. Wapo wenye mfumo mzuri unaomwezesha mteja kubadili mipangilio yake mwenyewe, na wapo wanaotaka aandike barua pepe na kusubiri. Tena .co.tz si cheti cha uaminifu. Mkia wa .go.tz hupewa taasisi za serikali pekee, na wapo wanaodhani .co.tz nayo huchujwa vivyo hivyo. Tapeli naye anaweza kuwa nayo.

Halafu mkia wa nchi hufuata bahati ya nchi. Zaire ilipobadilika kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, mkia wa .zr ulipewa mrithi, .cd, na mwaka 2001 ukafutwa kabisa. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, wenye majina ya .eu waliokuwa na sifa ya ukazi wa Uingereza tu waliyapoteza. Tanzania haiko karibu kubadili jina, kwa hiyo hatari hii tusiipe uzito usio wake.

Mikia mipya, na ile ya bure

Mkia wa .africa uliombwa ICANN mwaka 2012, ukakwama miaka kadhaa katika mvutano kati ya rejista ya Afrika Kusini, ZACR, na DotConnectAfrica, kisha ukaanza kutumika 2017 chini ya ZACR. Mfano mzuri wa faida yake ni Nation Media Group ya Kenya, ambayo mwaka 2020 iliacha nation.co.ke na kuhamia nation.africa, kwa kuwa ilitaka wasomaji nje ya Kenya. Kampuni yake tanzu ya Tanzania ilibaki na mwananchi.co.tz. Kundi moja la vyombo vya habari, majibu mawili, na yote mawili yana mantiki: gazeti la Kiswahili linalowalenga Watanzania halikuwa na sababu ya kuwaambia wasomaji wake kwamba limehama.

Mikia kama .shop na .online haihitaji maneno mengi. Bei ya mwaka wa kwanza hushushwa sana, ya mwaka wa pili hupanda, na mteja wa kawaida hajaizoea.

Ya bure ni hadithi nyingine. Kampuni ya Freenom iligawa bila malipo majina ya mikia ya nchi kadhaa, zikiwemo za Afrika: .ml ya Mali, .ga ya Gabon, .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Matapeli waliyajaza, Meta, mmiliki wa Facebook, ikaishtaki, na mwaka 2023 Gabon ikautwaa upya mkia wake na kufuta mamilioni ya majina. Mwaka uliofuata Freenom ilitangaza kuiacha biashara hiyo. Wenye biashara halali waliokuwa wamejenga juu ya majina hayo hawakuwa na wa kumlalamikia. Hawakuwahi kulipa kitu.

Wasemao tovuti ya nini

Huyu kijana wa Instagram asidharauliwe. Wateja wake wako huko, picha anapiga kwa simu, malipo yanaingia kwa simu, na bodaboda anapeleka mzigo. Kumwambia atumie laki kadhaa kwa tovuti ambayo hakuna atakayeitembelea ni kumpotosha.

Udhaifu wa msimamo wake unaonekana siku mlango unapofungwa na mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita. Chanzo kilikuwa kosa la matengenezo lililozifanya seva za majina za kampuni inayozimiliki zote tatu zisifikike, hivyo intaneti nzima ikawa haijui facebook.com iko wapi. Saa sita si kitu. Uganda ni mfano mzito zaidi: Januari 2021, kuelekea uchaguzi, serikali iliifunga Facebook, na miaka ikapita bila kuifungulia. Aliyekuwa amechapa anwani ya ukurasa wake wa Facebook kwenye kibao, risiti na mifuko alibaki na anwani isiyofunguka bila VPN.

Kati ya pande hizi mbili kuna njia ambayo haizungumzwi vya kutosha: kusajili jina peke yake, bila kutengeneza tovuti, na kulielekeza kwenye ukurasa wa Instagram au namba ya WhatsApp. Kinacholipwa ni ada ya jina tu. Kibaoni huandikwa jina la biashara, na kesho akihamia mtandao mwingine hubadili mwelekeo, kibao kikabaki vilevile. Kwa biashara ndogo nadhani hili ndilo jibu sahihi kwa miaka yake ya mwanzo.

Jina lenyewe na madaftari yasiyosalimiana

Kanuni za kitaalamu ni chache: herufi, tarakimu na kistari; sehemu kati ya nukta na nukta isizidi herufi 63; kistari kisianze wala kisimalize; herufi kubwa na ndogo ni sawa. Kazi ngumu ni masikio. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo jina lililotajwa redioni lina nafasi nzuri ya kuandikwa sawasawa, kuliko yale ya mtindo wa "Kwik" na "4U" ambayo lazima yaelezwe kila mara. Ila kuna mitego: Kheri au Heri, dhahabu au zahabu, na kwa baadhi ya wasemaji r na l hubadilishana. Kipimo kizuri ni kumpigia mtu simu, kumtajia jina mara moja, na kumwomba aliandike. Jina la mahali nalo lifikiriwe mara mbili, maana "Samani Mwanza" itakuwa mzigo siku ya kufungua tawi Arusha.

Sasa lile la BRELA. Daftari la makampuni na majina ya biashara, daftari la alama za biashara, na daftari la vikoa ni matatu, na hayasalimiani. Kusajili jina la biashara hakuzuii mtu kuchukua kikoa chake, na kuwa na kikoa hakumpi mtu haki ya jina sokoni. Chenye nguvu zaidi katika mgogoro ni alama ya biashara. Kwa .com, chini ya utaratibu wa usuluhishi ulioanza 1999, mlalamikaji huthibitisha mambo matatu: kwamba kikoa kinafanana na alama yake, kwamba aliyekisajili hana haki wala maslahi halali nacho, na kwamba alikisajili na kukitumia kwa nia mbaya. Ada katika shirika la miliki ubunifu duniani, WIPO, huanzia dola 1,500, ambayo tayari inawatoa wengi mchezoni. Na alama iliyosajiliwa Tanzania Bara haifiki Zanzibar. Huko husajiliwa upya katika wakala wao, BPRA.

Nia mbaya nayo si rahisi kuithibitisha. Kampuni ya magari ya Nissan ilimshtaki mfanyabiashara wa Marekani Uzi Nissan mwaka 1999 ikitaka nissan.com, na baada ya miaka ya kesi haikulipata, kwa kuwa Nissan lilikuwa jina lake la kuzaliwa na alilitumia kwa biashara yake ya kompyuta. Kwa hiyo ni nafuu kupekua madaftari yote matatu siku moja, kabla ya kuchonga muhuri, kuliko kutegemea usuluhishi baadaye. Baada ya kusajili, mwenye jina ategemee pia barua pepe kutoka kwa "msajili" wa mbali, mara nyingi Asia, inayodai kuna kampuni inataka kuchukua jina lake huko na kumhimiza alipe haraka. Ni mtego wa siku nyingi.

Daftari limeandikwa jina la nani

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo wabishi wa mikia wanapopita bila kutazama. Majina mengi ya biashara ndogo yamesajiliwa kwa akaunti ya fundi, kwa barua pepe ya fundi, na pengine kwa jina la fundi. Si lazima iwe hila. Fundi anayo akaunti tayari na kadi ya dola anayo. Mteja hana kadi, barua pepe yake aliifungua kwa ajili ya simu tu na nywila ameisahau. Mpango huo una faida zake: fundi anakumbuka kulipia, anajua kurekebisha, na mwenye duka anaendelea na duka lake.

Gharama yake huja baadaye: siku wakigombana, fundi akihamia nchi nyingine, akibadili simu, au akifariki. Msajili akiulizwa atafungua daftari na kumsikiliza aliyeandikwa humo. Tena tangu 2018, sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi ilipoanza kutumika, taarifa za wenye vikoa vingi zimefichwa kwa umma, hivyo mfanyabiashara anaweza kukaa miaka bila kujua kwamba jina si lake.

Kusahau kulipia ni balaa lingine, nalo halichagui ukubwa. Desemba 1999 Microsoft ilisahau kulipia passport.com, watumiaji wa Hotmail wakashindwa kuingia, na mtaalamu mmoja wa kompyuta akailipia dola 35 kutoka mfukoni mwake ili huduma irudi. Jina la .com likiisha muda, msajili anaweza kumpa mwenyewe hadi siku 45 za neema, kisha hufuata siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa, kisha siku tano za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo ni la atakayewahi, na wapo wenye programu zinazowinda majina ya namna hiyo usiku na mchana. Anayelipata hapati tovuti tu. Barua pepe zote zinazotumwa kwa jina lile zitamfikia yeye, zikiwemo zile za kubadili nywila za Instagram na huduma nyingine zilizofunguliwa kwa anwani hiyo.

Dawa haihitaji kumfukuza fundi. Akaunti ya msajili ifunguliwe kwa jina la kampuni, na fundi apewe ruhusa ya kushughulikia mipangilio ya kitaalamu peke yake. Barua pepe ya akaunti isiwe ya kikoa kilekile, kwa sababu kikiisha muda, barua ya kukumbusha itatumwa kwenye sanduku lililokufa pamoja nacho.

Mizani

Biashara inayouza ndani ya nchi ina kila sababu ya kuanza na .co.tz: jina fupi, malipo ya shilingi, na hakuna hofu ya sheria. Anayetegemea watalii au wanunuzi wa nje aanze na .com iwapo jina linalosikika vizuri bado lipo, na achukue .co.tz ya jina hilohilo ili mwingine asiichukue. Likiwa halipo, .co.tz fupi ni bora kuliko .com iliyokunjwakunjwa. Kununua mikia kumi kwa hofu ya waigaji hakumsaidii yeyote ila muuzaji. Waigaji hubadili herufi moja tu na kuendelea.

Lakini kosa la mkia hurekebishika. Tesla ilihama, Nation ilihama, na jina la zamani likaelekezwa kwenye jipya. Jina lililopotea kwa kuandikwa kwa mtu mwingine, au kwa kutolipiwa, hurudi kwa bei ya aliyelishika, na pengine halirudi. Kwa hiyo kama mfanyabiashara ana saa moja ya kulifikiria jambo hili, dakika kumi zinatosha kwa .com na .co.tz. Zilizobaki azitumie kuingia kwenye akaunti ya msajili yeye mwenyewe, kuona limeandikwa jina la nani, kulipia miaka mitatu au minne kwa mara moja, na kuiweka risiti kwenye jalada moja na cheti cha BRELA. Biashara ya wabia ina hatua moja ya ziada: mkataba wao useme wakitengana jina la tovuti linabaki kwa nani, kwa sababu mikataba mingi hugawa gari, stoo na akaunti ya benki, halafu jina likaachwa kwa yule aliyekuwa na nywila.